Mteja mjamzito akikuuliza "udi wako una ubaya?", utamjibu nini



Leo sizungumzii bei wala namna ya kupiga picha bidhaa. Nazungumzia meseji moja iliyonifanya nikae siku mbili bila kumjibu mteja, na mie mnanijua, oda ikiingia najibu kabla chai haijapoa.

Kwa wasionijua, niko Kiuyu, kaskazini ya Pemba. Nauza vitu viwili: udi wa kupika na sabuni ya mwani. Napika nyumbani, picha naweka stetasi na kwenye ukurasa wangu, mzigo unapanda boti kwenda Unguja na Dar, na mwengine unaenda Muscat kwa mikono ya watu wanaosafiri.

Meseji ilitoka Muscat. Ilisema hivi: "Dada, nataka udi nusu kilo. Lakini nina mimba ya miezi mitano, na fleti yangu madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya AC. Mama anasema hauna neno, mume wangu anasema nisubiri. Wewe unayeupika unasemaje?"

Nikaanza kuandika: "Hauna ubaya dada, udi wetu ni asilia."

Nikafuta. Maana wakati naandika, nyuma yangu wifi yangu alikuwa kwenye sufuria ya udi anakoroga sukari, mimba yake ya miezi saba, moshi unamuingia machoni, anakohoa huku anacheka. Yeye ndo mpishi wangu. Kila chupa anayoijaza ana hela yake.

Asilia. Neno hili sote tunaliandika kwenye posti zetu. Lakini moshi wa kuni nao si asilia? Moshi wa tumbaku je?

Basi nikamuuliza mkunga wa kituo cha afya, kisha kijana wangu anayesoma chuo Unguja akanisaidia kutafuta na kunifasiria tafiti. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwa sababu najua wengi humu mnauza vitu vya kuchoma, vya kusaga na vya kupulizia, na wateja wetu wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa.

CHEMBE ZENYEWE NI ZIPI

Chukua rula ya mtoto wa skuli, utazame milimita moja. Sasa igawe vipande milioni moja. Kipande kimoja ndo nanomita. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe zinazoitwa za nano ni zile zilizo chini ya nanomita 100. Yaani ukizipanga chembe 800 za namna hiyo ubavu kwa ubavu, ndo unapata upana wa unywele mmoja.

Nyingi zinatokana na kitu chochote kinachoungua: kuni, makaa, kibatari, jenereta, gari, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, na ndio, udi na ubani. Nyengine zinatengenezwa viwandani kwa makusudi, kama titani dioksidi inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za jua, na kaboni nyeusi inayotiwa kwenye wino na matairi.

Hapa kwetu ardhi ni mawe, na wapo kinamama wanaovunja kokoto. Vumbi la kokoto unaliona kwa macho. Lile kubwa pua inalikamata, jengine linatua chini ukalifagia. Hizi ndogo hazitui upesi. Zinaelea masaa, ukivuta pumzi zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Pale ukuta baina ya hewa na damu ni mwembamba mno, na baadhi yake zinavuka. Zikishavuka zimo kwenye damu ya mama.

JE, ZINAFIKA KWA MTOTO?

Zamani iliaminiwa kuwa kondo la nyuma ni mlango wa chuma, uchafu haupiti. Mambo hayako hivyo.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kuchunguza makondo ya wanawake waliojifungua, wanawake wasiovuta sigara. Wakakuta chembe za masizi upande wa kondo unaotazama mtoto. Waliokaa kwenye hewa chafu zaidi, kama karibu na barabara kubwa, walikuwa na chembe zaidi ya mara mbili ya waliokaa kwenye hewa safi.

Mwaka 2022 wao na wenzao wa Aberdeen, Scotland, wakaenda mbele zaidi. Walizikuta kwenye damu ya kitovu, na kwenye ini, mapafu na ubongo wa watoto ambao mimba zao hazikufika mwisho. Hata mimba za miezi mitatu ya mwanzo.

Kwa nini udogo ni tatizo? Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliwadunga panya wenye mimba chembe za ukubwa tofauti. Chembe za nanomita 70 za silika na 35 za titani dioksidi zilifika kwenye kondo na kwa vitoto, na vitoto vikawa vidogo. Chembe kubwa za nanomita 300 na 1,000 hazikuleta madhara hayo. Kumbuka hapo walidunga, hawakuvutisha hewa. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Rutgers, Marekani, waliwavutisha panya wenye mimba hewa yenye vumbi dogo sana la plastiki, na wiki mbili baada ya kuzaliwa, vitoto vikakutwa na plastiki ile ile kwenye mapafu, ini, figo, moyo na ubongo.

INAMFANYA NINI MTOTO

Hapa twende polepole, maana ndipo watu wanapotishana bure.

Chembe hizi zinaweza kumdhuru mtoto hata bila ya kumfikia. Zikiwa kwenye mapafu ya mama zinaamsha uvimbe, mwili unapambana, na mishipa ya damu inayolisha kondo haifanyi kazi yake vizuri. Mtoto anakula na kuvuta hewa kupitia mishipa hiyo hiyo. Na moshi wa makaa hauji na chembe peke yake, unakuja na gesi ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Matokeo yanayoonekana zaidi kwa binadamu ni mawili: mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Mtoto aliyezaliwa mdogo sana ana kazi kubwa zaidi ya kuishi mwaka wa kwanza, na akikua ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na sukari. Mapafu nayo yanajengwa tumboni, kwa hiyo watafiti wanafuatilia pia pumu na vifua.

Usidhani haya ni ya Ulaya tu. Dar es Salaam walifuatiliwa wanawake wajawazito 239 katika nyumba ambazo watu wanapikia makaa na mafuta ya taa. Walivishwa vipimo vya hewa. Wastani wa vumbi dogo waliovuta ulikuwa kama maikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wakati Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 limesema kwa siku usipite 15. Matokeo yaliyotoka 2017 yalionesha kuwa vumbi lilipopanda kwa maikrogramu 23, uzito wa mtoto ulikadiriwa kushuka kama gramu 150. Na walipochunguza makondo zaidi ya 100, dalili za damu kuganda kwenye mishipa ya upande wa mtoto zilionekana zaidi kwa waliovuta vumbi jingi.

Sasa upande wa pili, na mie nautaja kwa sababu sipendi kuuza hofu kama ninavyouza udi. Rwanda, pamoja na India, Guatemala na Peru, wajawazito kama 3,200 waligawiwa makundi mawili. Kundi moja likapewa majiko ya gesi na gesi ya bure, jengine likaendelea na kuni na makaa. Vumbi lilishuka kutoka kama maikrogramu 70 hadi 24 hivi. Watu wakategemea watoto wazito. Matokeo ya 2022: tofauti ilikuwa kama gramu 20 tu, kidogo mno kusema ni kwa sababu ya gesi. Huenda gesi ilikuja mimba zikiwa zishapiga hatua, huenda moshi wa jirani na wa njiani uliendelea kuingia. Funzo ninalolipata mie ni kwamba kupunguza moshi nusu njia, na kwa kuchelewa, hakutoshi kujivunia.

Na udi wenyewe? Taiwan, mwaka 2016, utafiti mkubwa wa wazazi na watoto ulionesha kuwa wanawake waliochoma ubani nyumbani mimba nzima walizaa watoto wa kiume wenye uzito mdogo kidogo na kichwa kidogo kidogo. Tofauti ya gramu chache, si msiba. Oman mwaka 2009 walitazama watoto wa skuli: kuchoma ubani nyumbani hakukuonekana kuzidisha idadi ya wenye pumu, lakini mwenye pumu tayari, moshi ule ulimuamshia kifua. Mizani inasema hivyo: si sumu ya kuua, wala si kitu cha kuandikia "hauna madhara kabisa".

TUFANYE NINI SISI WAUZAJI

1. Futa maneno "salama kwa wajawazito" kama huna cha kusimamia. Na "asilia" usiitumie kama ngao. Asilia ni habari ya kitu kilikotoka. Haikwambii kinafanya nini kikiungua.

2. Mwangalie kwanza anayekutengenezea. Mteja anachoma kipande kimoja kwa wiki, mpishi wako yuko kwenye moshi siku nzima. Mjamzito asikae kwenye sufuria, asisage, asichekeche. Kwa wa sabuni: mwani mkavu ukisagwa unatoa vumbi, na kostiki soda ikitiwa maji inatoa mvuke unaochoma kifua. Kazi hizo zifanywe uwanjani, upepo ukiwa nyuma yako, na mtu mwengine.

3. Kanga mdomoni haizuii. Inapunguza vumbi kubwa, lakini chembe hizi zinapita kwenye nyuzi kama dagaa kwenye jarife. Barakoa za kubana za viwandani zinasaidia, ila ni nzito kwa mjamzito kuvaa siku nzima. Dawa ya kwanza ni kutokuwepo kwenye moshi.

4. Tia kikaratasi cha matumizi kwenye kila chupa. Changu sasa kinasema: Makaa yashike kabisa mpaka yageuke majivu juu ndo utie udi. Tia kipande kidogo. Fungua madirisha. Washa, toka chumbani, rudi moshi ukishaondoka. Nguo fukiza barazani. Usiache chetezo chenye makaa kwenye chumba kilichofungwa na watu wamelala. Hili la mwisho halihusu mimba tu: gesi ya makaa kwenye chumba kilichofungwa inaua mtu mzima, na haina harufu.

5. Kwa mwenye kichanga, mwambie kabla hajakuuliza. Wengi wetu tunauza seti za mzazi: udi, liwa, dalia na vyengine. Arobaini ni wakati wa nyumba kunukia, hilo hatulikatai. Lakini mapafu ya mtoto wa wiki mbili ni madogo na anavuta pumzi haraka kuliko sisi. Chumba kifukizwe mama na mtoto wakiwa nje, wakirudi kinanukia, moshi umeshatoka. Harufu inabaki, na harufu ndo aliyoitaka.

6. Wauza vipodozi, geuza chupa usome nyuma. Ulaya sheria inataka kiambato cha ukubwa wa nano kiandikwe hivyo kwenye orodha, neno "nano" ndani ya mabano. Na wamekataza titani dioksidi ya nano ya kuzuia jua kutumika kwenye vitu vinavyoweza kuvutwa mapafuni, kama vya kupulizia. Kwenye krimu ya kupaka habari ni nyengine, maana ngozi nzima si njia rahisi kwa chembe hizi. Kwa hiyo mteja mjamzito akitaka kinga ya jua, muuzie ya kupaka, si ya kupulizia. Poda nayo usimwage kwenye video ili ionekane inavyopeperuka. Najua inapata likes. Unaivuta wewe.

7. Tengeneza bidhaa isiyoungua. Hii ndo iliyoniokoa mie. Vijiti vya udi vilivyokwisha kupikwa na kukauka, nikavitia kwenye vifuko vya kitambaa vya kuweka kabatini baina ya nguo. Hakuna makaa, hakuna moshi. Kifuko kimoja kinanukisha kabati wiki nyingi, na udi unaotumika ni mdogo, kwa hiyo faida yake kwa gramu ni kubwa kuliko ya chupa.

8. Usijifanye daktari. Ukishatoa maelezo ya bidhaa yako, mwambie mteja aulize kliniki anakohudhuria. Na mwenye kubanwa kifua au kichwa kumuuma kila akifukiza, hilo ni la hospitali, si la inboksi.

NILIMJIBU HIVI

Siku ya tatu nilimuandikia yule dada wa Muscat. Naweka hapa mnakili mkitaka:

"Dada, nisamehe nimechelewa, nilikuwa nauliza. Udi wangu ni wa mti, sukari, marashi na mafuta, sitii kitu kingine. Lakini moshi wowote una chembe ndogo zinazoingia kwenye damu, na zinaweza kufika kwa mtoto. Kipande kimoja mara moja moja na madirisha wazi si sawa na kufukiza kila siku kwenye nyumba iliyofungwa. Kwa fleti yako, ningekuwa wewe ningesubiri. Nina vifuko vya kabatini visivyochomwa. Udi wako nakuwekea mpaka ujifungue, bei haibadiliki."

Nilibonyeza kutuma roho ikiniuma. Nusu kilo si oda ndogo kwangu.

Akajibu usiku: "Nitumie vifuko vinne. Na huo ujumbe wako nimempelekea mama."

Vifuko vinne havifiki robo ya hela ya nusu kilo. Sitawadanganya hapo. Lakini wiki ile ile watu watatu wa Muscat walinitafuta kuulizia vifuko, na hakuna niliyemtangazia.

Kwa wifi yangu ilikuwa ngumu zaidi. Nilipomwambia aache sufuria, alinyamaza, kisha akauliza: "Na hela yangu ya chupa?" Swali la haki. Mtu huwezi kumlinda kwa kumnyima riziki. Tukakubaliana: yeye anashona vifuko, anabandika lebo, anajibu wateja wa mchana, na malipo yake yanabaki pale pale. Sufuria naikoroga mie, uwanjani chini ya mnazi, moto wa makaa yaliyokwisha shika badala ya kuni mbichi. Faida yangu mwezi ule ilipungua. Niliihesabu nikaiona, nikaiandika kwenye daftari kama gharama, sawa na chupa na nauli ya boti.

Mtoto wake hajazaliwa bado ninapoandika hapa. Siwezi kukwambieni nimemuokoa na nini, kwa sababu jambo hili halina risiti. Ameshavuta moshi wa miezi saba, wa udi wangu na wa jiko lake la kuni, na hilo sitaliweza kulirudisha. Miezi miwili iliyobaki ndo iliyokuwa mkononi mwangu.

Nyie mnaouza udi, ubani, poda na mishumaa: mteja mjamzito akikuulizeni, huwa mnamjibu nini? Na anayewatengenezea bidhaa anakaa wapi moshi ukipanda? Andikeni hapo chini tujifunze. Na kama unamjua muuzaji mwenye mpishi mjamzito, mtumie hii leo, usingoje kesho.